Saa 72 za Kwanza: Lini Upime Baada ya Ngono Isiyo Salama

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

SHIRIKA la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila siku watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani hupata maambukizi mapya zaidi ya milioni moja ya magonjwa ya ngono yanayotibika, mengi yakiwa hayana dalili. Kwa sababu hiyo, aliyejamiiana bila kinga, au ambaye kondomu imempasukia, hawezi kuijua hali yake kwa kujitazama wala kwa kumtazama mwenza wake. Hana budi kupima.

Wananchi wengi, hata hivyo, huchanganya mambo mawili: siku ya kufika kituoni na siku ambayo kipimo kinatoa jibu la kuaminika. Kufika kituoni ni mara moja. Jibu la kuaminika hutegemea ugonjwa.

Kwa nini ufike mapema

Dawa kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI (VVU), inayofahamika vituoni kwa kifupi PEP, hufanya kazi iwapo itaanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita hupunguza uwezo wake. Humezwa kwa siku 28 bila kukatisha. Kabla ya kuianza, mhusika hupimwa VVU, kwa kuwa imekusudiwa mtu ambaye hajaambukizwa.

Mwanamke asiyetarajia ujauzito anaweza kupewa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5, akitambua kuwa vidonge hivyo havizuii maambukizi yoyote. Ambaye hajachanjwa dhidi ya homa ya ini aina B aulizie pia chanjo hiyo.

Kwa aliyebakwa, matibabu ni dharura. Afike hospitali haraka, ikiwezekana kabla ya kuoga au kufua nguo alizokuwa amevaa, ili ushahidi usipotee. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo matibabu, ushauri nasaha na msaada wa polisi hupatikana mahali pamoja.

Kila ugonjwa na muda wake

Baada ya maambukizi, hupita muda kabla kipimo hakijaweza kuyabaini. Watoa huduma hukiita kipindi cha dirisha. Anayepima VVU siku ya tatu na kuambiwa hana maambukizi amejulishwa hali aliyokuwa nayo kabla ya tukio, si matokeo ya tukio lenyewe. Akirejea nyumbani akiamini yu salama, anaweza kumwambukiza mwenza wake katika majuma ambayo virusi huwa vingi zaidi mwilini. Kwa vipimo vya haraka vinavyotumika vituoni, inapasa kurudia baada ya wiki 6 na kuthibitisha baada ya miezi 3, huku kondomu ikitumika muda wote huo.

Kisonono na klamidia huweza kubainika baada ya takribani wiki 2. Kisonono mara nyingi huonesha usaha au maumivu wakati wa kukojoa ndani ya siku chache, hasa kwa wanaume. Wanawake wengi hawaoni chochote, na maambukizi yakikaa bila tiba huweza kuharibu mirija ya uzazi na kusababisha ugumba.

Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya maambukizi, ingawa huweza kuchukua siku 10 hadi 90. Kidonda hupona chenyewe, lakini ugonjwa hubaki mwilini, na mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki 6 na miezi 3.

Mwenye dalili asisubiri siku hizo zitimie. Aidha, asinunue antibiotiki kwa kubahatisha, kwani vimelea vya kisonono vimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Akigundulika kuugua, mwenza wake naye atibiwe, la sivyo wataendelea kuambukizana.

Haki ya anayepima

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha VVU. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2019 yameruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana kuanzia miaka 15 kupima bila kuhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Anayejipima na kupata jibu linaloashiria maambukizi afike kituoni kuthibitishwa, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi.

Anayefika kituoni amweleze mtoa huduma bila kuficha siku na saa ya tukio, aina ya kujamiiana na dawa alizokwisha kutumia, kwa kuwa taarifa hizo ndizo huamua apimwe nini na arudi lini. Ushauri unapatikana pia kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.