Mmea Wenye Majani Matatu

Katika nchi za Marekani na Kanada uko mmea mmoja ambao kwa Kiingereza huitwa poison ivy. Mara hutambaa chini, mara hupanda juu ya miti, na kila kikonyo kina vijani vitatu. Kwa kuutazama ni mmea mzuri tu, lakini utomvu wake una mafuta makali yaitwayo urushioli. Mtu akiugusa hasikii kitu saa ile. Baada ya siku moja au mbili ngozi huwasha, huvimba na kutoka malengelenge, na huenda majuma mawili au matatu yakapita kabla hajapona.

Tangu zamani wako watu wa huko waliodhani ya kuwa mmea huu ni dawa. Husema, "Tukila jani lake kidogo kidogo, mwili utazoea, wala hautatudhuru tena." Fikira hiyo ni ya hatari. Mara nyingi mtu akutanaye na mafuta hayo mara ya kwanza haoni dalili yo yote, naye hudhani amekwisha pata kinga. Kumbe mwili wake umejifunza kuyajua, nao hukaa tayari kupigana nayo. Yakija tena, mwili hupigana kwa ukali, na ukali huo ndio unaoiharibu ngozi. Basi mwenye kula jani aweza kutoka malengelenge kinywani na kooni, na koo likivimba sana, pumzi huziba. Wala mmea huo haufai kuchomwa moto, kwa maana moshi huyachukua mafuta mpaka mapafuni.

Asili ya mmea huu si Afrika ya Mashariki, ila ni wa jamaa moja na mwembe na mkorosho. Wabanguaji korosho wa Lindi na Mtwara wajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza vidole, ingawa kiini chake ni chakula kitamu.

Aliyeugusa mmea huo aoshe mwili mara moja kwa sabuni na maji mengi, na nguo zake zifuliwe. Aliyeula apelekwe hospitali upesi.

Ni kweli dawa nyingine hutoka mitini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini katika gome la mti, ikatibu malaria. Lakini kwinini hupimwa, na mgonjwa hupewa kiasi kijulikanacho. Jani lililochumwa porini halina kipimo.