Waharasisi wa Oman: Wafugaji Waliopata Kisima

Neno "bedui" limekaa vibaya katika Kiswahili. Mara nyingi hutajwa kwa mtu mkali, asiyejua adabu za mjini. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mtu wa nyika kavu iliyo mbali na mashamba na miji. Jina lenyewe, basi, humtambulisha mtu kwa mahali anapoishi na namna anavyoishi. Je, mtu huyo akijengewa nyumba, mtoto wake akatiwa shuleni, naye akanunua gari, angali bedui? Swali hili limewakabili Waharasisi wa Oman kwa zaidi ya nusu karne.

Waharasisi ni kabila dogo la watu elfu chache. Nchi yao, Jiddat al-Harasis, ni uwanda mpana wa changarawe na mawe ya chokaa, baina ya milima ya kaskazini mwa Oman na jimbo la Dhofar lililo kusini. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 50 kwa mwaka, na hupita miaka isinyeshe kabisa. Zamani hapakuwa na kisima wala chemchemi ya kudumu. Maji yalitoka hewani. Pepo za kusi, zile zile zilizorudisha majahazi Arabuni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, zivumapo kando ya ufuko wa Oman huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu, ambao usiku hupenya bara na kutua juu ya migunga, nyasi na mawe. Mbuzi na ngamia walilamba umande huo na kula majani mabichi; binadamu wakanywa maziwa. Kwa Mharasisi, maziwa yalikuwa chakula na maji kwa pamoja, na kuhama lilikuwa jambo la lazima.

Mwaka 1958 watafutaji wa mafuta walichimba visima viwili, kimoja Haima na kingine al-Ajaiz, kwa ajili ya shughuli zao wenyewe. Visima hivyo viliwavuta wafugaji kuliko amri yoyote ya serikali. Kisha, katika miaka ya 1970, yakaja magari. Mtazamaji wa mbali angedhani kwamba gari liliua ufugaji, lakini sivyo ilivyokuwa. Badala ya kuwaswaga mbuzi hadi kisimani, mwenye gari aliwapelekea mbuzi maji huko huko kwenye malisho. Familia iliweza kukaa mahali pamoja muda mrefu zaidi, na mifugo ikaongezeka. Ngamia alipoteza kazi ya kubeba mizigo, ila hakupoteza heshima yake: maziwa yake yaliendelea kunywewa, na walio wepesi wakapata bei nzuri katika mashindano ya mbio.

Gari, hata hivyo, halili majani. Petroli, matairi na vipuri vilidai fedha taslimu, nazo zilipatikana kwa mshahara. Wanaume wakawa madereva, vibarua wa kampuni za mafuta, au wafanyakazi katika nchi jirani za Ghuba. Mbuzi, ambao tangu zamani walitunzwa na wanawake, walibaki mikononi mwa hao hao wanawake.

Baadhi ya mishahara ilitokana na mnyama. Choroa wa Arabuni, paa mweupe mwenye pembe ndefu, aliangamizwa porini kwa bunduki mwaka 1972, katika uwanda huo huo. Mwaka 1982 choroa waliozaliwa kifungoni waliachiwa huru huko Yalooni, na Waharasisi wakaajiriwa kuwalinda. Ujuzi wao wa kusoma nyayo ulifaa kuliko chombo chochote. Mwaka 1994 hifadhi hiyo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Idadi ya choroa ilifikia 450 mwaka 1996, kisha majangili waliowakamata hai na kuwauza wakaipunguza hadi 65. Serikali ilipopunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, UNESCO iliifuta katika orodha mwaka 2007. Lilikuwa eneo la kwanza duniani kufutwa. Katika mipango hiyo yote, ya mafuta na ya wanyama, wafugaji walishirikishwa zaidi kama vibarua kuliko kama wenye nchi. Ardhi ambayo haina ua wala hati huonekana tupu machoni pa mpimaji ramani.

Haima nayo ikakua: shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1982, zahanati, ofisi, nyumba za saruji. Familia nyingi zilizipokea huduma hizo bila kuacha mifugo. Mtu anaweza kuwa na nyumba Haima na mbuzi wake wakawa mwendo wa saa mbili kwa gari. Naye hujiita Mharasisi, wala haoni kioja.

Lililo hatarini zaidi ni lugha. Kiharsusi si lahaja ya Kiarabu. Ni mojawapo ya lugha za kale za kusini mwa Arabuni, ndugu wa Kimehri na lugha ya kisiwa cha Sokotra. T. M. Johnstone alichapisha kamusi yake mwaka 1977. Shuleni mafunzo hutolewa kwa Kiarabu, na kazini Kiarabu ndicho kinachotumika. Watafiti wanaowarekodi wazee hukusanya majina ya mimea, ya hali za hewa na ya marika ya ngamia, maneno ambayo mtoto aliyelelewa bwenini hakupata nafasi ya kuyahitaji.