Herufi Zenye Pembe

Leo twazungumza juu ya herufi zisizo na mviringo hata mmoja. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni O kubwa, na kando yake chora mraba uliosimama juu ya pembe yake. Huo mraba nao ni O.

Herufi za namna hii zaiga runi, maandishi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini. Chanuo lililopatikana Vimose, nchini Denmark, lina runi zilizochongwa yapata mwaka 160.

Kwa nini zina pembe? Shikeni kisu na kijiti, mjaribu kuchonga O. Kisu chapenda kwenda moja kwa moja; kukizungusha ni taabu, kama fundi seremala yeyote ajuavyo. Tena mkato unaofuata nyuzi za mti hupotea humo, au mti hupasuka. Basi wachongaji wakakata mistari ya wima na ya mshazari, wakaiepuka ya mlalo.

Wachoraji wa herufi siku hizi hawachongi mti, ila wapenda sura ile, kwani yakumbusha mambo ya kale na hadithi za mashujaa. Kitabu cha J. R. R. Tolkien, The Hobbit, kilipotoka mwaka 1937, kilikuwa na runi kandokando ya jalada lake. Nanyi mnazo runi mifukoni! Tazameni alama ya Bluetooth katika simu: ni H na B za kiruni zilizounganishwa, kwa jina la Harald Bluetooth, yaani Jino la Buluu, mfalme wa Denmark wa karne ya 10.

Lakini angalieni. Runi moja ifananayo na M yetu ilisomwa E, na ile ifananayo na X ilisomwa G. Mchoraji akizichukua kwa urembo tu, msomaji hupotea. Herufi hizi zafaa neno moja au mawili, makubwa, juu ya jalada au tangazo la sinema. Ukurasa mzima wazo huchosha macho, na kwenye chupa ya dawa ni hatari. Mkikwama mbele ya kibao cha duka kilichoandikwa hivyo, msiseme hamjui kusoma. Aliyekiandika ndiye aliyechagua vibaya.

Jambo jingine ni zito zaidi. Wanazi, waliotawala Ujerumani tangu 1933 hata 1945, walitwaa runi mbili zenye umbo la radi kuwa alama ya kikosi chao cha SS, kilichoua watu wengi mno. Kwa hiyo mchoraji mwangalifu haweki S mbili za namna hiyo pamoja.

Sasa shikeni kalamu. Kila mtu aandike jina lake kwa mistari iliyonyooka tu, kisha ampe jirani yake alisome. Kwa herini.