Kuchana karatasi kulivyomtoa mtoto aliyeonekana hafundishiki

Mtoto anapochelewa kuongea, au anapomaliza mwaka mzima darasani bila kushika herufi, familia nyingi huanza kuhesabu yale asiyoyaweza. Ni wachache wanaotulia na kutazama mikono yake inafanya nini pale anapoachwa afanye kwa mwendo wake.

Maisha ya msanii wa Japani, Kiyoshi Yamashita, yanaonyesha faida ya kutazama hivyo.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1922. Akiwa na miaka mitatu aliugua sana. Alipona, lakini alibaki na tatizo la kuzungumza na ulemavu wa akili usio mkali. Shuleni masomo yalimshinda, na wenzake walimcheka na kumwonea.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa Yawata Gakuen, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo. Miongoni mwa kazi walizofundishwa watoto pale ilikuwa kuchana karatasi za rangi vipande vidogo na kuvibandika mpaka vitoe picha.

Wajapani huiita sanaa hiyo chigiri-e, maana yake picha ya kuchana. Wasanii wengi huifanya kwa washi, karatasi ya Kijapani inayotengenezwa kwa mkono.

Washi hutokana zaidi na gome la ndani la kozo, mti wa jamii moja na mforsadi. Matawi hukatwa wakati wa baridi, yakapikwa kwa mvuke na kubanduliwa gome. Gome huchemshwa, huchambuliwa takataka moja moja, kisha hupondwa mpaka nyuzi ziachane.

Nyuzi hizo hutiwa kwenye maji pamoja na utelezi wa mzizi wa tororo-aoi, mmea ulio ndugu wa bamia. Utelezi huo, mfano wa ule anaoujua kila mpishi wa mlenda, huzuia nyuzi kuzama na kushikana mabonge. Fundi huchota kwa chekecheo, akalitikisa, na tabaka jembamba la nyuzi likabaki juu. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu, ikitaja karatasi za Shimane, Gifu na Saitama.

Kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu, washi ikichanwa haiachi ukingo mkali kama wa mkasi. Msanii hupitisha brashi yenye maji pale anapotaka ichanike, akavuta taratibu, na ukingo ukatoka na manyoya laini. Vipande vikipangwa tabaka juu ya tabaka, rangi ya chini huonekana kupitia ya juu. Bluu nyepesi juu ya nyeupe huwa ukungu. Ikirudiwa mara tatu huwa bahari.

Kwa mtoto anayeshindwa na kalamu, kazi hii ina nafuu kubwa. Haihitaji kusoma wala kwenda mbio, na kipande kilichokaa vibaya hufunikwa na kingine. Hapigiwi alama ya kosa.

Yamashita aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Karatasi za rangi zilipokuwa adimu, alitumia hata stempu zilizokwishatumika. Daktari wa magonjwa ya akili, Ryuzaburo Shikiba, alitambua kipaji chake na kukitangaza.

Mwaka 1940, akiwa na miaka 18, Yamashita alitoroka kituoni, moja ya sababu ikiwa hofu ya kuchukuliwa jeshini. Kwa takriban miaka 14 alizunguka nchi kwa miguu, akirudi na kuondoka tena. Njiani hakuwa akitengeneza picha sana. Aliyatia kichwani aliyoyaona, akirudi ndipo alipoyapanga kwa karatasi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea picha yake maarufu ya mwaka 1950, inayoonyesha fataki za Nagaoka. Mistari ya moto angani ni karatasi iliyosokotwa nyembamba, na chini yake umati wa watazamaji umetengenezwa kwa vipande vidogo mno. Mtoto aliyeambiwa hashiki kitu alikuwa ameshika usiku mzima kichwani.

Ulemavu wake haukuondoka. Alibaki nao hadi alipofariki mwaka 1971, akiwa na miaka 49. Kilichobadilika ni namna watu walivyomtazama, na nafasi aliyoipata ya kusema kwa njia isiyohitaji ulimi wake.

Kwa hiyo mzazi asiichukue karatasi kama tiba. Mtoto anayechelewa kuongea au kujifunza apelekwe mapema kwa wataalamu wa afya, apimwe na masikio pia. Kazi ya mikono iende sambamba na huduma hiyo.

Nyumbani si lazima iwe washi. Karatasi laini ya kufungia zawadi na kurasa za kalenda ya zamani zinatosha. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano uliopoa. Anza na vipande vikubwa, ukimkalia karibu mtoto mdogo asije akavimeza.

Mwache achague rangi, na usimalizie picha yake ili ipendeze wageni. Akichoka, iwekwe kando hadi kesho. Muulize ni nini alichobandika, kisha mpe muda wa kujibu, hata kama jibu litakuwa ni kidole tu kinachoonyesha.