Wasee Watatu Walioisoma Drip Yako Kabla Uzaliwe

Ka ushawahi ruka lunch wiki mzima ndio ununue ndula za kutesa nazo mtaani, usijishuku. Kuna wasomi wa jamii walikuwa washakusoma kitambo.

Wa kwanza ni Thorstein Veblen, mtoi wa wakulima waliohamia Marekani kutoka Norwei. Buda alisota: alipata PhD yake Yale 1884, alafu akakaa miaka mob bila job ya kufunza. 1899 akatoa The Theory of the Leisure Class, akiwachambua masonko wa enzi zake. Cheki hii: kijiko cha silva kilichofuliwa na mkono na kile cha mashine vyote vinafanya job ile ile. Mbona basi watu wanang'ang'ania cha mkono? Ju ni ghali, na bei ndio inabonga. Hata ile fimbo mabuda walikuwa wanatembea nayo ilikuwa ya kuonyesha mikono yao haina kazi. Na hakuwaonea masonko peke yao: hata msee amesota kabisa atavumilia njaa ndio heshima isishuke.

Alafu kuna Erving Goffman, Mkanada. Kati ya 1949 na 1951 alienda kuishi Unst, kisiwa cha Shetland, juu kabisa ya Uskoti. Hapo kulikuwa na hoteli ndogo. Kwa wageni, maweita walikuwa wasafi na adabu tele. Huko jikoni, supu imeota ukungu na soksi zimeanikwa juu ya birika linatoa mvuke. Mpaka ulikuwa mlango tu. Kwa kitabu chake cha 1956, The Presentation of Self in Everyday Life, akasema sisi wote tuko hivyo: tuna mahali pa kuigiza na mahali pa kupumulia. Na hakuna mwenye huigiza solo. Mbogi yako inajua hiyo jaketi kwa picha ni ya kuomba, na imenyamaza. Mmoja akichoma, show imeisha.

Lakini mwenye hunimaliza ni Pierre Bourdieu, mtoi wa msee wa posta kutoka kijiji cha Denguin, Ufaransa. Kwa La Distinction ya 1979, alichambua majibu ya watu zaidi ya 1,200. Waliulizwa vitu gani vinaweza toa picha noma. Jua likizama? Watu wa kazi ya mkono waliona hiyo iko sawa. Kabichi je? Hapo ni wale wamesoma sana ndio walianza kuona urembo. Bourdieu akasema mtu hazaliwi na ladha. Anaipata home na shule, alafu anaitumia kujitenga na wengine.

Kwa hivyo yule msee hujigamba ati hana mambo ya drip, anavaa tu tishati moja na kuskiza ngoma za kina, pia yeye anaflex. Tofauti ni hatumii doo. Siku ingine akikuita mshamba ju ya ngoma unabamba nazo, muulize alilelewa wapi na akasomea wapi. Ladha yake ilitoka huko, haikushuka kutoka mbinguni.