Babu alikimbia nini? Jibu nililikuta Makerere!

KILA ukoo una mzee wake wa kunong'onezwa. Kwetu Ngara alikuwa babu yangu mzaa baba.

Enzi za utoto wangu, shangazi zangu wakishateremsha kibuyu cha pili cha pombe ya ndizi, hadithi ilikuwa ile ile. Babu aliondoka kijijini kwa miguu mwaka 1947 kwenda Uganda kutafuta maisha. Alirudi baada ya miaka minane akiwa na baiskeli, koti jeusi na jina jipya. Jina la Kiganda kabisa! Silitaji hapa maana ndugu zangu watanichinja.

Sasa mtu na akili zake timamu abadilishe jina ili iweje? Shangazi mmoja alishikilia kwamba mzee aliua mtu. Mwingine akasema ni madeni. Wa tatu, ambaye hakuwa na breki mdomoni, alidai kuna mke na watoto Masaka na iko siku watakuja kudai shamba.

Baba yangu alikua akiyasikia hayo. Nilimuuliza mara moja tu, akanitolea macho, nikanyamaza. Yeye naye hakuwahi kumuuliza baba yake. Mwaka 2009 baba alifariki, aibu ile akaenda nayo kaburini.

KICHWA KINAUMA KAMPALA

Mwaka 2018 nilikwenda Kampala kwenye harusi ya rafiki. Siku ya pili baada ya harusi kichwa kilikuwa kinagonga na sina la kufanya. Mwenyeji wangu, mwalimu wa chuo, akaniambia, "Ndugu yangu, amka, twende mlimani Makerere ukaone walikosoma wakubwa zenu." Kweli bwana, hata Mwalimu Nyerere alisoma pale miaka ya 40.

Nilidhani tunakwenda kulitazama lile jengo kuu lenye mnara wa saa, tupige picha turudi. Kumbe mwenzangu ana shughuli zake katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii, ambayo wenyewe huiita kwa kifupi MISR. Akaniacha maktaba. "Soma soma hapo, nakuja sasa hivi." Nyie mnazijua hizo "sasa hivi" za wasomi. Nilikaa saa tatu.

Mnyonge mimi nikamuuliza mhudumu, "Hapa kuna kitabu chochote kuhusu watu waliotoka Tanganyika zamani kuja kufanya kazi Buganda?" Nilikuwa natania tu. Yule mama hakucheka. Alisimama, na baada ya muda akaniwekea mezani kitabu cha mwaka 1954. Usingizi wote ukaniishia.

MAMA WA KIINGEREZA NA MASWALI YAKE

Msomaji wangu, ngoja kwanza nikwambie pale ni wapi. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1948, wakati wa mkoloni, ikaitwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Fedha zilitoka London. Serikali ya Uingereza ilikuwa inataka kuwajua watu inaowatawala: wanarithishana vipi, wanalimaje, nani anamsikiliza nani.

Mwaka 1950 akaja mkurugenzi, mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Audrey Richards. Huyu hakuwa wa kukaa ofisini. Miaka ya 30 alishaishi na Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, akaandika kitabu kizima juu ya wanachokula na wanavyokilima, kikatoka mwaka 1939.

Mtindo wa pale Makerere ulikuwa wa kulinganisha. Mtafiti mmoja anakwenda kwa Wasoga, mwingine kwa Waalur, mwingine kwa Wahaya wetu wa Bukoba. Kisha wanarudi mlimani, wanakaa meza moja na kubishana: kwa nini chifu wa huku ana nguvu na wa kule hana? Kwa nini huku ardhi inauzwa na kule ni mwiko? Ukimtazama Mhaya peke yake utaona mila tu. Ukimweka karibu na Mganda na Msoga, hapo ndipo swali linazaliwa.

Kitabu nilichowekewa mezani ni kazi ya mama huyo na wenzake. Kinahusu vibarua wageni wa Buganda, waliotoka Ruanda-Urundi, Tanganyika na kwingineko. Yaani kinamhusu babu yangu!

KUMBE HAKUWA PEKE YAKE

Jina la babu halimo, msije mkanielewa vibaya. Lakini safari yake imo yote. Imo njia ya kutoka Tanganyika kupitia Bukoba, watu kwa vikundi na vifurushi kichwani. Imo kodi ya mkoloni, iliyomtaka mtu alipe fedha taslimu mahali ambapo kazi ya fedha hakuna. Yumo mkulima wa Kiganda mwenye pamba na kahawa, asiye na mikono ya kutosha shambani. Karibu mtu mmoja kati ya kila watatu katika Buganda ya mwaka 1948 hakuwa Mganda. Mmoja kati ya watatu, jamani! Na sisi kwetu tulidhani mzee wetu alipotea peke yake kama mbuzi.

Halafu nikafika kwenye majina. Nikasoma mara mbili, nikavua miwani, nikasoma tena.

Wageni wengi walichukua majina ya Kiganda. Walijifunza Luganda, wakavaa kama Waganda, wengine wakajiweka kwenye koo za Kiganda. Sababu haikuwa kuua mtu wala deni. Kibarua mgeni alidharauliwa, akaonekana mchafu na mshamba. Akitaka kupata kibanja, yaani kipande cha ardhi cha kukaa na kulima chini ya mwenye shamba, au akitaka kuoa, ilimfaa zaidi ajulikane kama mtu wa pale. Tena kibanja kilikuwa na faida yake, maana sheria ya mwaka 1928 iliwazuia wenye ardhi kumkamua mpangaji kwa kodi wanavyotaka.

Kwa hiyo babu alifanya walichofanya maelfu. Alivaa jina kama alivyovaa lile koti jeusi, kwa sababu ya baridi. Mimi mtu mzima, mwenye watoto, nikatoa machozi maktaba ya watu. Mhudumu akajifanya hanioni. Mungu ambariki.

NANI ANAMUULIZA NANI?

Mwenyeji wangu aliporudi nikamsimulia. Akasikiliza, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Umefurahi. Lakini jiulize, yule mama alikuwa anamuulizia nani?"

Hapo kuna neno. Serikali ilitaka kujua vibarua wanatoka wapi ili pamba ichumwe. Babu kwenye kitabu kile alikuwa nguvu kazi. Kilichapwa Uingereza kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Walioulizwa walitoa majibu, wakaendelea na jembe.

Ugomvi huo wa nani aulize swali haukuisha bendera ya mkoloni iliposhuka. Taasisi ilibadilishwa jina ikawa ya Makerere. Ikaja miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, chuo kikaonja shubiri. Mwaka 1972 hata mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Baadaye likaja jambo jingine la kimya kimya: utafiti wa kukodishwa. Mfadhili anakuja na swali lake na bahasha yake, msomi anakusanya majibu, anapokea chake, kwaheri.

Mwaka 2010 Profesa Mahmood Mamdani, ambaye miaka ya 70 alifundisha pale Mlimani kwetu Dar es Salaam, alipewa ukurugenzi. Alisema wazi kwamba biashara hiyo inaua chuo, kwa kuwa kazi ya mtafiti ni kutunga swali, siyo kujibu la mwenzake tu. Mwaka 2012 ikaanzishwa programu ya udaktari ya kuwafunza vijana kwa miaka mitano hapo hapo, historia, siasa, uchumi na utamaduni kwa pamoja.

Si wote walioshangilia. Mwaka 2016 mtafiti Stella Nyanzi, aliyesema aliajiriwa kutafiti na siyo kufundisha programu hiyo, alivua nguo pale taasisini kupinga kufungiwa ofisi yake. Magazeti yakauza! Mamdani mwenyewe aliondoka kwenye ukurugenzi mwaka 2022. Swali lake limebaki.

SIMU KWA SHANGAZI

Jioni ile ile nilimpigia shangazi yangu wa Ngara, wa mwisho aliyebaki, yule yule wa mke wa Masaka. Nikamweleza yote: kodi, njia, kibanja, majina. Kwa mara ya kwanza maishani shangazi alinyamaza.

"Kwa hiyo hakukimbia kitu?"

"Hakukimbia, shangazi. Alitaka tu wasimcheke."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Miaka yote hiyo tumemla mzee wa watu. Na baba yako naye kafa hajui." Akakaa kimya tena, kisha akauliza, "Sasa huyo mama wa Kizungu, alipomaliza kuandika kwamba wamebadilisha majina, aliwauliza wale watu jina lao la kwao ni lipi?"

Sikuwa na jibu. Nadhani shangazi yangu, na darasa lake la nne, angefaa sana pale mlimani.

Wewe msomaji, kama nyumbani una mzee anayenong'onezwa, usingoje kitabu. Chukua kigoda, kaa karibu naye, muulize mwenyewe angali hai. Sisi tulichelewa. Tukutane wiki ijayo.