DNA Isiyounda Protini: Je, Ni Takataka?

Seti moja ya kromosomu 23 za binadamu ina takribani jozi bilioni 3 za besi. Kati ya hizo, asilimia 1 hadi 2 tu ndizo zenye maelekezo ya kuunda protini. Mwaka 1972 mwanabiolojia Susumu Ohno aliiita sehemu kubwa ya DNA iliyobaki takataka. Ukijibu hivyo kwenye mtihani, utapoteza alama, kwa kuwa baadhi yake ina kazi muhimu.

Kazi zinazojulikana

(a) Kuwasha na kuzima jeni. Seli za jicho na za ini zina DNA ileile. Hutofautiana kwa jeni zilizowashwa.
(b) Kutengeneza RNA zisizogeuzwa kuwa protini, mfano RNA ya ribosomu.
(c) Kutunza kromosomu. Telomea hulinda ncha zake. Sentromea huwezesha kromosomu kugawanywa sawasawa seli inapogawanyika.

Mfano: maziwa

Mtoto mchanga humeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, kwa kimeng'enya cha laktasi. Kwa watu wengi duniani, jeni ya laktasi hupunguza kazi baada ya utotoni, hivyo mtu mzima akinywa maziwa mengi huweza kujaa gesi au kuharisha. Wengine, wakiwemo wengi wa jamii za wafugaji, huendelea kuyamudu.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Badiliko lililoenea zaidi Tanzania na Kenya lilikuwa la besi moja tu: C badala ya G, takribani besi 14,000 kabla ya jeni ya laktasi. Kimeng'enya ni kilekile; kilichobadilika ni swichi ya jeni.

Tahadhari

Usiandike kwamba DNA yote ina kazi. Kitunguu maji kina DNA takribani mara tano ya binadamu, lakini si kiumbe changamani zaidi. Wingi wa DNA peke yake si ushahidi wa kazi.

Swali la kujipima

Watu wazima wawili wana jeni ya laktasi inayounda kimeng'enya kilekile, lakini mmoja tu humeng'enya maziwa vizuri. Eleza. (alama 2)

Jibu: Wanatofautiana katika DNA inayodhibiti jeni hiyo (alama 1), kwa mmoja jeni imebaki imewashwa, kwa mwingine imepunguza kazi (alama 1).